Mvi Zilizotaka Kuniua

Mvi si ugonjwa, lakini mimi nilizitibu. Jumapili moja nilijifungia bafuni, nikapaka kichwa kizima rangi nyeusi, nikajilaza chali sakafuni na mfuko wa nailoni kichwani, nasubiri ikolee. Simu ikaita. Kutazama, ni meneja wetu, Mwingereza asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Sikupokea; mikono yote ilikuwa lami.

Baadaye nikanawa kidole kimoja nimwandikie. Kanuni ninayo tangu shule: kitendo kilichokuwa kikiendelea, weka "was" au "were", kisha kitenzi chenye "-ing" mkiani. Usiukate mkia, maana "nilikuwa ninakula" si "I was eat". Wala usibandike mkia mwingine ukaandika "I was eaten", hapo umeshaliwa wewe. Tena kitendo kirefu kikikatizwa na kifupi, hicho kifupi hakidai "-ing". Na kitenzi kikiishia na "e", hiyo "e" inadondoka: "make" huwa "making", "write" huwa "writing".

Kupaka rangi ni "dye". Nikaidondosha "e" bila huruma. Neno "hair" nikaliruka makusudi, mvi zangu zinamhusu nini?

"Sorry, I was dying when you called."

Hata simu sijaiweka chini, akapiga. Anahema. Niko wapi? Niko na nani? Ambulensi imefika? Akamshukuru Mungu kwamba alinipigia, maana kwa sarufi yangu mimi mwenyewe, simu yake ndiyo iliyokikatiza kifo.

Nikaona nimtulize, nimwambie nilikuwa nimejilaza tu. Hapa Kiswahili kina hila yake: tunasema "nilikuwa nimelala", kwa "-me-", lakini Mwingereza hali hiyo hiyo huivisha "-ing". Hilo nalijua. Na "lie" najua "ie" yake hugeuka "y". Safari hii sikukosea hata herufi.

"No, no, sir! I was not dying. I was lying!"

Kimya.

"You were lying?"

"Yes, sir!" nikajibu kwa fahari. "The whole afternoon!"

Akakata simu.

Kamusi niliifungua usiku, kama kawaida ya mtu aliyekwisha kuharibu. Kumbe "lie" ya kujilaza na "lie" ya kudanganya huachana kwenye wakati uliopita wa kawaida, moja "lay", nyingine "lied", lakini zikifika kwenye "-ing" zinakuwa mapacha. Na "e" ya "dye" haidondoki kamwe, imebakizwa ili mtu asipake rangi akazikwa.

Jumatatu nikaitwa ofisini kwake. Kichwa cheusi tii, na sikio la kushoto nalo jeusi tii. Akalitazama lile sikio muda mrefu. Akachukua karatasi, akaandika "dying", halafu kwa kalamu nyekundu akachomeka "e" katikati, akanisogezea.

"This one?"

"Yes, sir."