Jalidi, joto na msumeno: nini kinaamua mavuno ya mustikka Ufini?

Julai inapokaribia, Wafini huulizana swali moja: mwaka huu mustikka zimeshika? Mustikka ni tunda dogo la bluu iliyokolea linaloota lenyewe msituni, kwenye vichaka ambavyo kwa kawaida havifiki gotini. Si ile bluberi nene ya shambani inayouzwa kwenye supamaketi za Nairobi. Ile ukiipasua, nyama yake ni nyeupe. Mustikka ni zambarau mpaka ndani, na aliyechuma hujulikana kwa vidole na ulimi.

Swali hilo lina uzito wake. Watafiti waliokadiria mavuno ya nchi nzima kwa miaka kumi hivi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuta mwaka hafifu una kilo milioni 92 na mwaka wa neema una kilo milioni 312. Misitu ni ile ile, mavuno yanazidiana zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana siku hizi kila msimu ukiharibika lawama huangukia mabadiliko ya tabianchi, na ukifana wapo wanaosema joto limeanza kuwafaa watu wa kaskazini. Pande zote mbili zina hoja, lakini naona zote zinaruka jambo kubwa.

Tuanze na mmea wenyewe. Vichipukizi vitakavyotoa maua hutengenezwa kiangazi cha mwaka uliotangulia, kwa hiyo jua la mwaka jana limo ndani ya tunda la mwaka huu. Majira ya baridi vichipukizi hivyo hulala chini ya theluji, ambayo huvikinga kama blanketi dhidi ya baridi kali ya hewani. Mwezi wa Mei na Juni maua yanafunguka, vikengele vidogo vya waridi iliyopauka vinavyotazama chini, na hapo ndipo pa hatari. Usiku mmoja wa jalidi, kipimajoto kikishuka nyuzi tatu nne chini ya sifuri, unatosha kuyaua. Yakipona jalidi, bado yanawangoja nyuki-bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya, na mvua ya baridi ikinyesha wiki nzima nyuki hao hawatoki sana. Wenye miembe Pwani wanaijua hasara hii: mvua ikiangukia maua, msimu umekwenda.

Wanaolitetea joto wanasema msimu wa kukua unarefuka, hasa Lapland, eneo la kaskazini kabisa mwa Ufini, ambako kiangazi ni kifupi na tunda hukimbizana na baridi ya Septemba. Ni kweli. Joto la wastani lenye mvua za kutosha huongeza ukubwa wa tunda na sukari yake.

Lakini joto haliji kwa mpangilio huo mzuri. Mchipuko ukiwahi, maua nayo yanawahi, na jalidi za mwisho za msimu zinayakuta wazi. Joto la kati ya majira ya baridi ni baya zaidi. Huko Abisko, kaskazini mwa Uswidi, watafiti waliyeyusha theluji kwa taa za joto katikati ya majira ya baridi, kisha wakaiacha baridi irudi. Kiangazi kilichofuata, maua ya mmea huu yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 na matunda yakakosekana karibu kabisa. Jaribio la vipande vidogo vya ardhi halitabiri msitu mzima, lakini linaonyesha mahali mmea ulipo dhaifu. Ongeza ukame: mizizi ya mustikka iko juu juu, kwenye tabaka la majani yaliyooza, na kiangazi kikavu kama kile cha 2018 kinaikausha haraka.

Kuhusu ubora wa tunda, nadhani hofu kwamba joto litaushusha imezidi kidogo. Mustikka za kaskazini zinasifiwa kwa wingi wa anthosaianini, kemikali inayolipatia tunda rangi yake, na sifa hupewa jua la kiangazi lisilotua. Mwanga una mchango wake, ila mimea ya kaskazini na ya kusini ikikuzwa mahali pamoja, ile ya kaskazini bado hutoa tunda lenye rangi nzito zaidi. Sehemu kubwa ya sifa hiyo imo kwenye mbegu. Hivyo miaka michache ya joto haitaifuta. Kitakachobadilika mwaka hadi mwaka ni utamu: mvua nyingi wakati wa kuiva hulifanya tunda kuwa majimaji, jua hulikoleza.

Sasa lile jambo linalorukwa. Hali ya hewa huamua mimea iliyopo itazaa kiasi gani. Mimea mingapi ipo huamuliwa na msumeno. Mustikka hupenda kivuli chepesi, chini ya misprusi na misonobari iliyokomaa, kwenye udongo wenye asidi. Msitu ukikatwa wote kwa mkupuo, jua linaukausha mmea huu na matrekta yanaupondaponda. Msitu ukipandwa upya kwa msongamano, miti michanga huuzibia mmea mwanga. Hesabu za misitu ya Ufini zinaonyesha kwamba eneo la ardhi linalofunikwa na mmea huu limepungua kwa karibu nusu tangu miaka ya 1950, upungufu ulioanza kabla ya ongezeko kubwa la joto tunalolijadili leo. Binamu yake mwekundu, puolukka, huvumilia jua na hustawi hata penye visiki, jambo linalofanya hasara isionekane upesi kwa asiyechagua tunda.

Watetezi wa ukataji nao wasipuuzwe. Mbao ni riziki, na karibu asilimia 60 ya misitu ya Ufini ni mali ya watu binafsi wanaotegemea mapato hayo. Kuvuna mti mmoja mmoja, huku mingine ikiachwa imesimama, kunalinda mustikka lakini kunaweza kupunguza faida au kuongeza gharama za uvunaji. Tena chini ya sheria ya kimila ya Ufini, haki ya kila mtu, yeyote anaruhusiwa kuchuma matunda kwenye msitu wa mwenzake bila kulipa. Mwenye msitu akiilinda mustikka, wanaofaidi ni wapita njia. Akiukata, fedha ni zake. Ninaiona haki hiyo kuwa jambo zuri kabisa, na ingekuwa dhuluma kuigusa. Kwa hiyo gharama ya kuacha miti imesimama haiwezi kubebwa na mwenye msitu peke yake. Umma unaochuma bure ndio unaopaswa kuichangia kupitia kodi, na serikali ianze na misitu yake yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa iko kaskazini.