Wazee wa Muziki na Nafasi Waliyobakiziwa

Mwaka 2013, Muhidin Maalim Gurumo alipotangaza kustaafu baada ya zaidi ya nusu karne ya muziki, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Tendo hilo lilisifiwa, na lilistahili, kwa kuwa lilionyesha kwamba kizazi cha Bongo Fleva kinawatambua waliokitangulia. Hata hivyo linasikitisha pia, maana mwimbaji ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima alikuwa amestaafu bila hata usafiri wake mwenyewe.

Wanaotetea ukubwa wa wazee katika muziki, yaani kwamba mkubwa wa umri asikilizwe kwanza, wana hoja yenye mizizi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wanamuziki kwa mshahara, na Mlimani Park nayo ikalelewa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Ndani ya bendi za namna hiyo kijana alijifunza kazi akiwa pamoja na waliomzidi uzoefu, kwa hiyo mzee alisikilizwa kwa sababu alikuwa na jambo la kufundisha. Zanzibar, Bi Kidude hakuheshimiwa kwa umri peke yake: alikuwa kungwi wa unyago, mpiga ngoma, na mtu aliyeipokea taarabu kwa kumsikiliza Siti binti Saad.

Vijana nao hawalalamiki bure. Bongo Fleva ilipochipuka, wakubwa wengi waliiita muziki wa wahuni, ilhali nyimbo zake zilisema wazi juu ya ukosefu wa ajira na maisha ya mtaani. Umri ulitumika kama kufuli la kuwafungia vijana nje. Katika siasa jambo hili ni zito zaidi: Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha bila kumtanguliza mzee yeyote awasemee, na Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Kwa maoni yangu, ukubwa unaodai utii tu hauna haki ya kulindwa. Bi Kidude mwenyewe, aliyevuta sigara hadharani na kuimba alivyotaka, hakujifanya mlinzi wa adabu za watu wengine, na vijana walimpenda hivyo hivyo. Linalonitia wasiwasi ni kwamba tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, ilimfikia mwaka 2005, akiwa ajuza, wakati umri wake ulikuwa umeanza kutangazwa kuliko ufundi wake.

Heshima yenye maana ingempa mzee kazi na malipo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kinaonyesha kwamba taarabu inaweza kufundishwa darasani, na waliokulia katika bendi wangeweza kupewa nafasi kama hiyo Bara. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ipo. Msanii anayechukua kibwagizo cha zamani na kukitia katika wimbo wake anapaswa kumtaja mtunzi na kumlipa mirabaha angali hai, au kuwalipa warithi wake.