Swaleh Amewadanganya, Hayakuwa Maji Taka

Acheni kwanza kunitumia vikatuni vya kucheka. Swaleh, mwenzangu wa maabara, ameshatangaza kwenye makundi yote ya WhatsApp, mpaka lile la kwetu Bombo ambamo mama yangu yumo, kwamba nimemwogesha mgeni wa chuo maji taka ya Nakivubo. Uongo mtupu! Yalikuwa maji ya bomba, safi kabisa. Kilichomchafua mgeni ni mkaa. Na vile vitu mkaa ulivyokuwa umevikamata, lakini hivyo tusiviongelee sana.

Mnajua kazi yangu. Mfereji wa Nakivubo unashusha uchafu wa Kampala kwenye ghuba ya Murchison, na ghuba hiyohiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakovuta maji tunayokunywa. Uchafu unalisha mwani, maji yanageuka kijani na kunuka, na kuyasafisha kunazidi kuwa ghali. Mimi najaribu kuona kama mkaa wa kawaida, ukipondwa na kuchekechwa, utanyonya ile harufu. Basi nina bomba nene la plastiki linaloonyesha ndani, linanifika kifuani: kokoto chini, mchanga katikati, mkaa juu.

Chujio likiziba huoshwa kinyumenyume. Maji safi yanapanda kutoka chini, mchanga unaumuka kidogo, uchafu unatokea juu. Polepole! Mkaa ni mwepesi kuliko mchanga, ukisukumwa kwa pupa ndio wa kwanza kufunga safari.

Tuko katikati ya kuosha, stima ikakatika. Pampu kimya, valvu wazi, swichi hakuna aliyeizima. (Swaleh ndiye aliyekuwa amesimama karibu na swichi. Kwenye simulizi yake hamkusikia hilo, au siyo?) Mara Profesa huyo mlangoni, na mgeni kutoka ofisi inayotoa hela za utafiti. Mgeni alikuwa anapitia tu, safari yake hasa ni ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, na yeye ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi. Kanzu nyeupe pepepe, koti jeusi, kifuani ile nakshi ya rangi ya damu ya mzee.

Nikaeleza, nikaeleza. Mgeni akapendezwa, akauliza kama anaweza kuuona mkaa wenyewe. Nikasema, "Karibu sana mheshimiwa, inama tu. Stima haipo, hakuna kitakachotokea."

Akainama.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni friji ya sampuli. Ilikohoa. Nikaiangalia, nikafurahi hata, nikasema moyoni alhamdulillahi sampuli zangu haziozi. Kisha taa ya darini ikapepesa mara mbili. Swaleh akafungua mdomo. Mgeni bado kainama, anasema, "Kumbe mkaa wenyewe ni ule wa…" Chini ya meza pampu ikaguna. Nikaona, kupitia ile plastiki, mkaa wote ukiinuka kwa pamoja kama abiria walioambiwa basi limefika. Nilinyoosha mkono. Mkono wangu, jamani, ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa konokono, na mkaa haukungoja.

Ulimpata kuanzia paji la uso kushuka. Nakshi ikapotea. Miwani ikawa nyeusi tii, na kwenye kioo cha kushoto kuna uzi wa mwani, kijani, unateremka taratibu kuelekea shavuni. Sote watatu tukautazama mpaka ulipofika. Pampu bado inasukuma, mchanga nao ukaanza kuja.

Mgeni akatema kidogo, akamgeukia Profesa, akauliza kwa upole wa kutisha, "Na hii ndiyo hatua ya kusafisha?"

Swichi ikazimwa, mataulo yakaletwa, nikaomba radhi kwa Kiswahili, Kiganda, Kiingereza na Kinubi. Profesa hakuniambia neno, mpaka leo. Askari wetu wa getini, Mungu ambariki mzee yule, alikuwa na kanzu yake ya Ijumaa kwenye begi, akamwazima mgeni. Tatizo ni kwamba askari ni mfupi. Kanzu ilimfika mgeni kwenye mashavu ya miguu, soksi zote nje, na hivyo ndivyo alivyokwenda kusimama mbele ya wakwe na kuomba binti wa watu.

Binti walipewa. Picha ninazo. Swaleh akiendelea na maneno yake, nitawaambia nani alipiga.