Gari Mpya Inayonyonyeshwa na IST

Jamani mimi nilichekwa nikaonywa nikaombewa na dua, sikusikia. Watu waliniambia kaka chukua Toyota IST ya mtumba, spea zimejaa Gerezani pale Kariakoo, hata fundi aliyelala anaitengeneza. Nikasema hapana, kwa utu uzima huu nimechoka kurithi viti vilivyokaliwa na Wajapani miaka 15, nataka ziro kilometa, ile nailoni ya kwenye viti niibandue mwenyewe kwa mkono wangu. Benki wakanipa mkopo wa miaka 5, shorumu wakanipa waranti ya miaka 3 au kilometa laki moja, chochote kitakachotangulia. Hesabu hiyo peke yake ilitakiwa initoe jasho, deni lina umri mrefu kuliko dhamana. Bei sitaji hapa, mke wangu naye ana simu.

Wiki ya tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nawahi foleni ya Kimara, nabonyeza kitufe cha kuwasha, gari inasema tik. Tik moja tu, kama mtu amekusonya. Dashibodi ikawaka taa zote kwa pamoja, ABS, eabegi, betri, usukani, injini, utadhani ukumbi wa sendofu, halafu pii, giza. Kusukuma haiwezekani maana ni otomatiki, ukiisukuma unafanya mazoezi tu. Nimesimama pale na suruali ya kunyoosha, mara jirani huyo katoka kwake, kafunga msuli, mswaki mdomoni, kaisogeza IST yake ya 2004 ambayo bampa imeshonwa na waya, kafungua boneti, katoa waya za kubustia, zile za kuazimana umeme wa betri. "Pole jirani. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi shika hapo kwenye chuma." Ikawaka. Gari yangu ya mkopo imenyonyeshwa na IST mbele ya watoto wanaosubiri basi la shule.

Nikaipeleka shorumu. Pale ukiingia unapewa kahawa na kijana wa mapokezi mwenye shati la nembo, anakuita mzee kwa heshima mpaka unasahau ulikuja na hasira. Wakachomeka kompyuta yao. "Mzee, betri inasoma volti 12.6, altaneta inachaji 14.2, kompyuta haioni kosa lolote." Na kweli, ikifika pale gari inakuwa mpole kama mtoto mbele ya bibi yake, nyumbani inavunja vyombo. Wakaniambia wameipa programu mpya. Nikarudi nimefurahi, programu gani sijui, ila nimefurahi.

Sasa programu mpya ikaja na mambo mapya. Kioo cha upande wangu kikaanza kushuka chenyewe. Na hakishuki popote, kinachagua. Kinashuka mataa ya Magomeni, taa nyekundu, jua la saa saba. Pale kioo kikishuka machinga anajua umemwita, akaja wa maji, akaja wa chaja, akaja wa ubuyu, akaja mmoja na mopu ameibeba begani kama bunduki, nawaambia jamani sijawaita, kioo kimeshuka chenyewe, yule wa mopu akanitazama kwa huruma kweli kweli akasema, "Bosi, we sema tu hela huna." Iliniuma. Nikanunua. Nyumbani tuna mopu tatu sasa hivi na vyumba viwili.

Safari ya nne shorumu wakasema wataagiza moduli, inatoka nje, wiki sita. Moduli ya nini? Ya kujaribu.

Nikaenda kwa fundi umeme wetu wa chini ya mwembe, nikamwambia fundi usiguse, tazama tu. Akaweka mikono mgongoni kama yuko makumbusho, akainama, akachungulia pembeni ya betri, akacheka. "Hii ni ethi." Akanielezea, umeme ukishatoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi, na njia yake ni bodi, sasa ile bolti inayobana waya mweusi wa betri kwenye bodi imelegea na chini yake kuna rangi, umeme unarudi nyumbani unakuta mlango umefungwa, unaanza kupita madirishani. Nikamwambia fundi, ni kweli, unapita dirishani! "Ndiyo maana jirani yako akishika waya mweusi kwenye chuma inawaka," akasema, "anaipa njia ya uani. Kwangua rangi, kaza na spana namba 10. Dakika mbili."

Dakika mbili! Ila kitabu cha waranti kinasema fundi wa nje akigusa mfumo wa umeme, waranti imekufa. Nikapiga simu shorumu niwaambie ni ethi. Kijana akanyamaza kidogo. "Mzee, nani amekwambia?" Fundi. "Ameigusa?" Ameitazama tu. "Ameitazama kwa karibu?" Nikasikia anaandika.

Basi nikanunua spana namba 10 nikaiweka droo ya kitandani. Siku nne naitazama inanitazama. Jana usiku mama watoto akashindwa kuvumilia, "Baba, nenda kakaze, nani atajua?" Saa nane usiku nikatoka na kaptura, tochi mdomoni, nikafungua boneti taratibu kama mwizi wa betri, spana ikagusa bolti, nikasema bismillah.

Alamu! Honi, indiketa, waipa, na vioo vyote vinne vikashuka kwa pamoja. Mbwa wa mtaa mzima wakapokea. Sungusungu wawili na mjumbe wa nyumba kumi mwenye shuka wakanimulika usoni, mkononi nina spana, mdomoni nina tochi, siwezi hata kujitetea.

"Huyu siyo mwizi, hii gari ni yake," sauti ikatoka gizani, na msuli wake, waya za kubustia tayari begani. "Jirani, nyekundu kwa nyekundu?"