Fundi, picha ya simu na onyo la Elimo Njau

Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyeanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ana kauli ambayo wasanii wa Afrika Mashariki wamerithishana kwa zaidi ya nusu karne: usinakili, kwa maana kunakili humlaza Mungu usingizi. Simu imeirudisha kauli hiyo midomoni mwa watu. Mwanafunzi wa sanaa anafungua Pinterest, mtandao wa kutafutia picha, kabla hajafungua daftari. Mchonga milango anaonyeshwa picha ya mlango na mteja, na bei inaanzia hapo. Mchora nembo anatazama nembo mia za wenzake kabla hajagusa yake. Wakongwe wanasema kubuni kumegeuka kuwa kutafuta, na kila ajuaye kutafuta sasa anajiita mbunifu.

Malalamiko hayo yana uzito wake na nitayafikia. Ila kila nikiyasikia, naona yanawaangukia watu wasiostahili, na wa kwanza wao ni mafundi cherehani.

Njau hakuitoa kauli yake hewani. Alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell mwaka 1937. Mama yule alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno matupu, kisha kuwaacha wachore walichokiona kichwani, badala ya kuwatandazia picha za Ulaya waziige. Kwa wakati ule mtu anaelewa. Kijana wa koloni akionyeshwa kila siku kwamba sanaa ni ile ya Wazungu, atayadharau macho yake mwenyewe. Njau akaichukua tahadhari hiyo na kuipa ukali wa mimbari.

Lakini tuna historia nyingine ambayo hatuitaji sana tunapohubiri. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi. Waliobaki walikuwa ndugu na jamaa waliojifunza kwa kukaa naye na kunakili: chui yule yule, ndege yule yule, na kila ukuta wa duka ukauza wanyama waliofanana. Kwa kipimo cha Paa ya Paa, hao wote walikuwa wanamlaza Mungu usingizi. Ila kutoka kwenye kunakili huko wakazaliwa wachoraji wa masoko, wa hospitali, wa mashetani, wa mabasi yaliyofurika watu, na ushirika uliosimama mwaka 1990 ambao hadi leo unalisha familia pale Oysterbay. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kuwa mbunifu. Mkono ulirudia hadi ukachoka kurudia.

Sasa mchukue fundi cherehani wa Manzese, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi. Zamani ukutani kwake palikuwa na mabango ya mishono, yale ya wanawake ishirini waliosimama kwa safu, kila mmoja na namba yake, mengi yakitoka Afrika Magharibi. Mteja alinyoosha kidole: "Fundi, nishonee namba kumi na nne." Hakuna aliyeandika makala kuhusu kifo cha ubunifu. Leo bango limehamia kwenye simu ya mteja, na ghafla fundi amekuwa mwigaji.

Wanaomlaumu hawakai kibandani kuona kinachofuata simu ikishawekwa juu ya meza. Picha inaonyesha mbele tu. Haionyeshi mgongo, haisemi zipu imefichwa wapi, wala kama ndani kuna bitana au kitambaa kigumu kinachoshikilia kifua kisilegee. Dada wa pichani ni mrefu, mwembamba, amesimama kiubavu, na si ajabu gauni limebanwa kwa pini mgongoni ili lionekane limemkaa. Mteja ni mama wa watoto watatu, ana yadi sita za kitenge chenye maua makubwa kama sahani, na harusi ni Jumamosi. Fundi anashika futi. Inabidi aamue ua litue wapi, kwa sababu likikaa vibaya kifuani ukumbi mzima utaliona. Inabidi maua ya kipande cha kushoto yakutane na ya kulia pale katikati, na hilo linakula kitambaa, na yadi sita hazina ziada. Mkono wa puto ulioko pichani umeshonwa kwa kitu chepesi; kitenge ni kigumu, kikirundikwa begani kinasimama chenyewe kama kimekasirika. Basi anapunguza marinda, anapandisha mshono wa kiuno kidogo, anaacha nafasi ya tumbo bila kumwambia mtu. Gauni linalotoka linafanana na picha kiasi cha mteja kufurahi. Kwa anayejua kushona, ni gauni jingine kabisa.

Kazi hiyo yote haina jina. Tungeiona imefanywa na mtu mwenye studio na miwani mizito, tungeiita usanifu.

Siku hizi kuna kituko zaidi: picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Mteja anakuja na gauni ambalo halijawahi kushonwa na binadamu yeyote. Mkono unaanzia begani na kupotelea ndani ya sketi, marinda yanaota pasipo na mshono, na hakuna pa kupitishia kichwa. Fundi analizungusha kwenye kioo cha simu, anacheka, halafu anaanza kufikiri. Akilishona, yeye ndiye wa kwanza duniani kulifanya livalike. Tukimwambia amenakili, tumwonyeshe basi lile la asili.

Kuna jambo jingine, nalo linaniudhi kidogo. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam ilifungua Rijksstudio mwaka 2012, ikaweka mtandaoni picha 125,000 za kazi zake na kuwaalika watu wazikate, wazigeuze, wazitumie kutengenezea vitu vyao. Ikatangaza na tuzo kwa watakaofanya hivyo vizuri. Februari 2017, makumbusho ya The Met ya New York ikaachia picha 375,000 zitumike bila masharti, hata kwa biashara. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ikafuata mwaka 2020 na takriban milioni 2.8. Wenye hazina wenyewe wanasema: chukueni, mtengeneze. Mtu wa Amsterdam akitoa maua kwenye mchoro wa karne ya 17 akayaweka kwenye gauni, anapewa tuzo ya ubunifu. Fundi wa Manzese akitoa shingo kwenye gauni la Lagos, anapewa mawaidha.

Na hazina za namna hiyo hazina picha za Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko Illinois, Marekani, kimeweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Kijana wa Unguja anayetaka kujua mitaa, mavazi na mapambo ya enzi za babu wa babu yake anaweza kuyakuza kwenye simu, bando likiruhusu. Kwamba inabidi apitie Illinois kuyaona ya kwao, hilo ni la kuandikiwa makala yake.

Kwa upande wa wakongwe, hoja yao nzito haihusu maadili ya kunakili hata kidogo, inahusu chanzo. Bango la ukutani lilikuwa na mishono ishirini iliyochaguliwa na mtu. Simu inakupa kile ulichokigusa jana. Gusa gauni moja la kubana hadi magotini na kufunguka chini, na mwezi mzima utaletewa ndugu zake. Ndiyo maana ukienda harusini sasa, Mwanza au Mombasa, unaweza kudhani meza tatu zimeshonewa na mtu mmoja. Wanafunzi wa Tingatinga walinakili mtu mmoja aliyekaa mbele yao, waliyeweza kumuuliza kwa nini. Mashine haiulizwi. Hapo nakubaliana nao bila ubishi, na nadhani dawa ni fundi na mwanafunzi kufundishwa kutafuta kwa makusudi, kwenye makusanyo kama hayo niliyoyataja, badala ya kungoja kuletewa.

Hoja yao ya pili ni wizi, na hapa inafaa kutenganisha mambo. Vlisco, kampuni ya vitenge ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, ilijijenga kwa kuiga batiki ya Java, Indonesia, kwa mashine. Leo kampuni hiyo inapambana na viwanda vya China vinavyoiga vitenge vyake. Katika mlolongo huo wote, aliyekula ni mwenye mashine kubwa kuliko aliyetangulia. Fundi akichukua mkono wa gauni la fundi mwenzake, wote wawili bado wana wateja wa mtaa wao. Mchoro wa binti aliyejifunza kuchapa vitambaa nyumbani ukipigwa picha, ukachapwa kiwandani maelfu ya yadi na kurudi Kariakoo kwa nusu ya bei, biashara yake imekwisha. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua binti huyo kama mtunzi, sawa, lakini kumfuata mwenye kiwanda cha ng'ambo kwa sheria kunahitaji fedha ambazo hata kitambaa chake hakijawahi kumletea. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja la kunakili kunamfaa mwenye kiwanda tu.

Mafundi wenyewe wameshaliona hilo mapema kuliko wachambuzi. Wanapiga picha kila gauni kabla halijachukuliwa, wanaliweka mtandaoni, na siku chache baadaye wanalikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine, jina limekatwa pembeni. Kwa hiyo wengine sasa wanaandika jina na namba ya simu katikati kabisa ya picha, juu ya kifua cha gauni, pasipokatika. Wateja nao wanalalamika kwamba mshono hauonekani vizuri.