Bushi za Land Rover kuukuu: mpira au poli?

Kwenye gereji za Unga Limited hapa Arusha, swali la bushi, vile vipande vinavyokaa kwenye maungio ya ekseli na chasisi ili kumeza mitikisiko, hujibiwa haraka mno. Mwenye Land Rover 110 ya miaka ya 1980 analeta gari, usukani unatangatanga na chini kunagonga kila akipita shimo. Fundi anapenyeza mtarimbo, anautikisa, anaona bushi zimekwisha, kisha anatoa hukumu: weka poli, hutarudi tena. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Kinachonisumbua ni kuutumia kwa gari zima, kuanzia mbele mpaka nyuma.

Bushi nyingi za mpira za magari haya zina bomba la chuma ndani, bomba jingine nje, na mpira ulioshikamana na vyote viwili. Mkono, yaani chuma kinachounganisha ekseli na chasisi, ukipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe hujinyonga kisha ukarudi. Ndiyo sababu hautaki grisi, na vumbi halipati pa kuingilia. Poliurethani, aina ya plastiki tunayoiita poli, ni ngumu zaidi na haijashikamana na chuma. Bomba la kati huzunguka ndani yake, kwa hiyo inataka grisi ya silikoni, na ikikauka inalia.

Wanaoitetea poli wana hoja nzito. Oili, inayovimbisha na kulainisha mpira wa kawaida, haiisumbui sana, na injini za magari ya umri huu zinavuja. Poli nyingi huja vipande viwili vinavyoingia kwa mkono, kwa hiyo dereva wa watalii aliyeharibikiwa Karatu hahitaji kutafuta presi, mashine ya kusukumia bushi mahali pake. Tena mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi: ukinunua bushi iliyokaa dukani miaka mingi, umenunua kitu kilichokwisha anza kufa. Aliyefunga mpira wa bei poa mara mbili na ukapasuka mara mbili ana haki ya kuchoka. Ila alichojaribu ni mpira mbovu, na mpira mzuri bado hajaufunga.

Mbele ya 110 ndipo ninapokataa kabisa. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili. Tairi moja likipanda jiwe na jingine likishuka shimoni, kila mkono unavutana na ekseli ili kuinyonga, na kinachoruhusu mwendo huo ni ulaini wa bushi peke yake. Ukiweka poli ngumu pale, ekseli inakosa nafasi ya kucheza, tairi linainuka mapema, na nguvu ambayo mpira ungeimeza inahamia kwenye vishikizo na chasisi yenye umri wa miaka 40. Bushi ni spea ya bei ndogo iliyowekwa iumie kwa niaba ya vitu vya bei kubwa. Kuna pia vumbi letu la volkano: likichanganyika na grisi ya poli, linasaga bomba la kati taratibu.

Kwenye stabilaiza, fito inayozuia gari kulala upande kwenye kona, kama gari linayo, na kwenye ncha za shokapu, sina ugomvi na poli. Hata kwenye Land Rover 109 ya springi za majani, ambako bushi kwa sehemu kubwa hujinyonga upande mmoja tu, madhara yake ni madogo. Kazi kubwa pale ni kuzing'oa za zamani, maana bomba la nje hushikana na chasisi kwa kutu, na mara nyingi hulazimu kuchoma mpira kisha kulikata kwa msumeno.

Bushi za nailoni zilizokerezwa mtaani zinapatikana siku hiyohiyo, lakini hazinyumbuki, na tundu la bolti huanza kupanuka. Zikufikishe nyumbani, basi.

Naamini sifa mbaya ya mpira hapa kwetu inatokana zaidi na ufungaji. Fundi anakaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Gari likishushwa, mpira tayari umenyongwa, na unabaki hivyo hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaongeza mnyongo juu ya mnyongo, mpaka unachanika. Poli inasamehe kosa hilo kwa sababu bomba lake linazunguka, kwa hiyo inaonekana imara kuliko ilivyo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua bushi, mwulize fundi atakaza lini. Bolti ziingizwe kwa mkono, gari lishushwe likalie tairi zake na mzigo wake wa kawaida, lisukumwe mbele na nyuma kidogo, ndipo zikazwe. Kisha liendeshwe kwenye lami, Arusha hadi Moshi na kurudi inatosha, na spana ipite tena kwenye kila bolti.