Kabla mtu atupe laptopu yake ya zamani

Mwandishi, kwa makala yako ni kweli usapoti ya Windows 10 (yaani apdeti za kawaida kutoka Microsoft) iliisha 14 Oktoba 2025, lakini hapo umesema dawa ni kununua laptopu mpya, hapo sikubaliani kabisa. Mimi niko na saiba ndogo huku Umoja, mashine sita, zote za mtumba, ramu 4GB, na hazina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inataka. Nilidaunilodi Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nikaiweka kwa fleshi, nikawasha mashine moja kutoka kwa hiyo fleshi bila kufuta kitu chochote (hiyo inawezekana, watu wengi hawajui), nikaona hadi printa imetambulika yenyewe, sidi ya draiva sikutafuta. Sasa zote sita ziko nayo na sijalipia leseni hata shilingi moja.

Watu wanakuja kuandika CV, wanafunguliwa LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia, kama Word), wanaandika tu wanaenda. Shida kidogo iko kwa docx (faili ya Word) yenye majedwali, ukiifungua kwingine mistari inaweza kuruka, so mteja wa CV mimi humpea PDF.

Juzi mama mmoja alileta laptopu ya kijana wake wa fomu tatu, ameambiwa mahali ati hiyo imekufa aitupe. Niliiwasha na hiyo Mint, haikufika saa moja. Alipoona imewaka na faili za kijana ziko zote aliikumbatia kifuani akanyamaza tu.

Tafadhali andika na hii njia pia, kuna wazazi saa hii wanakopa pesa ya laptopu mpya.